Kuuliza Wachache ili Kuwajua Wengi: Historia ya Kupima Maoni ya Watu

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

(Mwalimu wa darasa aandike maneno haya ubaoni kabla somo halijaanza: bambo, sampuli, orodha, karani, kura ya maoni, bahati nasibu, asilimia.)

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya swali moja: mtu awezaje kujua mawazo ya watu milioni nyingi bila ya kuwauliza wote? Tutaona jinsi swali hilo lilivyowaaibisha watu wenye elimu na mali nyingi. Tena tutaona kwa nini lamhusu kila mtu anayebishiwa hodi na karani mwenye karatasi na kalamu.

Tuanze na jambo mnalolijua. Mfanya biashara anayenunua magunia ya mchele hayamwagi yote chini ili ayatazame. Huchukua bambo, kile kichuma chenye ncha kali na mfereji katikati, akalidunga gunia, na punje chache zikateremka mpaka kiganjani mwake. Kwa punje hizo hukata shauri kama gunia ni zuri au ni bovu. Punje hizo ndizo sampuli. Na kazi yote ya kupima maoni ya watu ni kazi ya bambo: kutazama wachache ili kuwajua wengi.

Lakini mnunuzi mwerevu hadungi mahali pamoja tu. Ajua kwamba wako wauzaji wanaoweka mchele safi juu na chenga chini. Ajua pia kwamba magunia yaliyo mlangoni mwa ghala yamekauka, na yale yaliyoegemea ukuta wa nyuma huenda yameingia unyevu. Akilidunga gunia la mlangoni peke yake, hata akilidunga mara mia, hatapata habari za lile la nyuma. Yashikeni sana maneno haya, maana ndiyo mzizi wa somo zima.

Gazeti lililopata majibu milioni mbili

Sasa twende Marekani. Wamarekani humchagua Rais wao kila baada ya miaka minne, na tangu zamani magazeti yao yamependa kubashiri mshindi. Katika magazeti hayo lilikuwako moja la kila juma, jina lake Literary Digest. Tangu mwaka 1916 mpaka mwaka 1932 gazeti hili lilibashiri washindi watano mfululizo, wala halikukosea hata mmoja. Njia yake ilikuwa kuwapelekea watu kadi kwa posta. Kila mtu aliandika angempa nani kura, kisha akairudisha kadi.

Mwaka 1936 wagombea wakubwa walikuwa wawili: Rais Franklin Roosevelt wa chama cha Democratic, na Alfred Landon, gavana wa Kansas, wa chama cha Republican. Literary Digest likapeleka kadi zipatazo milioni 10. Majina lilikuwa limeyatoa hasa katika vitabu vya simu na katika daftari za wenye motokaa. Kadi zaidi ya milioni 2 na laki 3 zikarudi. Ilikuwa hesabu kubwa mno. Makarani wakazihesabu, na gazeti likatangaza kwamba Landon atapata kura 57 katika kila mia, na Roosevelt 43. Tukisema 57 katika kila mia, ndiyo asilimia 57.

Siku ya uchaguzi ikafika, na mambo yakawa kinyume. Roosevelt alipata karibu asilimia 61 ya kura za wananchi. Katika majimbo 48 yaliyokuwako wakati ule alishinda 46. Landon alipata mawili tu, Maine na Vermont. Gazeti lile likachekwa nchi nzima, na mwaka 1938 likafa.

Ilikuwaje? Watu zaidi ya milioni 2 wawezaje kusema uongo? Jibu ni kwamba hawakusema uongo. Kila mmoja aliandika lililokuwa moyoni mwake. Kosa lilikuwa katika bambo.

Kosa la kwanza ni la orodha. Kumbukeni hali ya nchi ile. Tangu mwaka 1929 biashara ilikuwa imeanguka, viwanda vimefungwa, na watu milioni nyingi hawana kazi. Katika shida hiyo, nani alikuwa na simu nyumbani mwake? Nani alikuwa na motokaa? Wengi wao ni watu waliokuwa na nafuu. Maskini, ambaye aliona Roosevelt amemletea kazi na msaada, hakuwamo katika kitabu cha simu, wala karani wa gazeti hakupata kulijua jina lake. Lakini siku ya kupiga kura alikwenda, akasimama katika mstari kama tajiri, na kura yake ikawa moja kama ya tajiri.

Kosa la pili ni la kimya. Kadi milioni 10 zilikwenda, lakini hata robo yake haikurudi. Je, waliorudisha ni sawa na waliotupa? Sivyo. Mara nyingi mwenye hasira, anayetaka mabadiliko, ndiye anayefanya haraka kujibu. Aliyeridhika huweka kadi juu ya meza akaisahau. Mwaka 1988 mtaalamu mmoja wa Marekani, Peverill Squire, alichapisha uchunguzi juu ya jambo hili. Alitumia majibu ya watu walioulizwa mwaka 1937, mwaka mmoja tu baada ya aibu ile. Aliona kwamba hata katika wale wenye simu na motokaa, waliompenda Roosevelt walikuwa wengi zaidi. Kama wote waliopelekewa kadi wangalijibu, gazeti lingalimtaja mshindi wa kweli. Basi orodha ilikuwa mbaya, na kimya kikaiharibu zaidi.

Hapa pana fundisho kubwa. Wingi wa majibu hauponyi ubaya wa kuchagua. Ukidunga gunia la mlangoni mara milioni 2, umelijua sana gunia la mlangoni tu.

Bwana Gallup, na siku alipokosea yeye

Mwaka uleule wa 1936 alikuwako mtu aliyewaonya wenye gazeti mapema. Jina lake George Gallup, na ofisi yake ya kupima maoni ilikuwa imefunguliwa mwaka 1935. Kabla Literary Digest halijapeleka kadi zake, Gallup alitangaza kwamba gazeti lile litamtaja Landon, na kwamba litakosea. Alikuwa ameuliza watu wapatao 3,000 tu wa namna ileile ya watu wa gazeti, akajua watakavyojibu. Kisha kwa uchaguzi wenyewe aliuliza watu wapatao 50,000 wa kila aina, akabashiri kwamba Roosevelt atashinda kwa asilimia kama 56. Shabaha yake haikuwa kamili, maana Roosevelt alipata karibu 61, lakini mshindi alimpata. Watu 50,000 wakawashinda milioni 2.

Gallup alifanyaje? Aliwapa makarani wake mafungu. Karani mmoja aliambiwa: uliza wanaume kadhaa na wanawake kadhaa, vijana kadhaa na wazee kadhaa, wenye mali kadhaa na maskini kadhaa. Fungu likitimia, kazi imekwisha. Hivyo hesabu ya walioulizwa ilifanana na sura ya nchi.

Njia hii yaonekana njema, lakini ilikuwa na tundu. Ndani ya kila fungu karani alijichagulia mwenyewe. Mkimwambia karani aulize wanaume saba, ataulizaje? Ataanza na nyumba zilizo karibu na barabara. Atampita mtu mkali na kwenda kwa mtu mpole. Ataiacha nyumba yenye mbwa. Ataepuka kichochoro chenye matope. Hafanyi hila, anafanya kama mwanadamu yeyote mwenye kuchoka na jua. Lakini watu walio rahisi kufikiwa si watu wote. Katika chaguzi za mwaka 1936, 1940 na 1944 Gallup aliwataja washindi sawasawa, na kila mara makisio yake yalikizidishia chama cha Republican. Kwa kuwa mshindi alipatikana, tundu halikuzibwa.

Mwaka 1948 maji yakaingia. Rais Harry Truman alishindana na Thomas Dewey, gavana wa New York. Wapimaji watatu mashuhuri, Gallup, Elmo Roper na Archibald Crossley, wote walisema Dewey atashinda. Roper aliona jambo limekwisha tangu mwezi wa Septemba, akaacha kuuliza. Gallup naye alimaliza kabla ya siku za mwisho, akisema Dewey atapata karibu asilimia 50 na Truman karibu 44. Gazeti la Chicago Daily Tribune lilipiga chapa mapema usiku wa uchaguzi, kabla hesabu hazijakamilika, likaandika juu kwa herufi kubwa kwamba Dewey amemshinda Truman. Asubuhi ikawa Truman ndiye mshindi: alipata karibu asilimia 50, na Dewey 45. Iko picha maarufu ya Truman akiwa juu ya gari la moto, ameliinua gazeti hilo, anacheka.

Wataalamu wakaunda kamati ya kuchunguza, na mwaka 1949 ikatoa taarifa. Iliona makosa mawili makubwa. La kwanza, makarani kuachiwa kujichagulia watu. La pili, kuacha kuuliza mapema mno, kwa maana watu waliokuwa bado hawajakata shauri walikata shauri siku za mwisho. Maoni ya watu si jiwe. Ni kama bahari: ukipima kina asubuhi, usiape kwamba jioni maji yatakuwa palepale.

Dawa ya bahati nasibu

Dawa ilikuwa imekwisha kujulikana, ila wengi hawakutaka kuinywa. Mwaka 1895, katika mkutano wa wataalamu wa takwimu mjini Bern, Uswisi, mtu wa Norway aitwaye Anders Kiær alisema si lazima kuhesabu wote. Sehemu iliyochaguliwa vizuri yaweza kuonyesha hali ya nchi nzima. Wengi walimpinga. Mwaka 1912 Mwingereza Arthur Bowley alichunguza umaskini katika mji wa Reading kwa kuchagua nyumba kwa mpango, moja katika kila kadhaa. Na mwaka 1934 Jerzy Neyman, mtu wa Poland, alithibitisha kwa hesabu kwamba njia iliyo salama ni bahati nasibu.

Bahati nasibu maana yake si kuchagua ovyo. Mtu anayesimama sokoni na kuuliza yeyote apitaye anachagua ovyo, wala hafanyi bahati nasibu. Bahati nasibu ni kwamba kila mtu katika orodha anayo nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, na mkono wa karani hauna nguvu ya kuibadili.

Tuchukue mfano. Mtaa mmoja una nyumba 600, nasi twataka nyumba 30. Gawanya 600 kwa 30, utapata 20. Zipe nyumba zote namba, 1 mpaka 600, pamoja na ile ya mwisho kule bondeni. Weka vipande 20 vya karatasi ndani ya kikapu, utoe kimoja bila kutazama. Tuseme kimetoka 7. Basi nyumba zako ni ya 7, ya 27, ya 47, na kuendelea hivyo mpaka ya 587. Hesabuni, mtaona ni nyumba 30 kamili. Karani akikuta nyumba ya 47 imefungwa, asiende ya 48 kwa kuwa mwenyewe yupo kibarazani. Sharti arudi ya 47 jioni, na kesho, na keshokutwa. Pengine mwenye nyumba hiyo hayupo kwa sababu yuko shambani toka alfajiri, na hiyo ndiyo habari tunayoitafuta.

Bahati nasibu haiondoi makosa yote. Itapungua kidogo au itazidi kidogo. Lakini ina faida moja kubwa: ukubwa wa kosa hilo waweza kupimwa. Ukiuliza watu 1,000 waliochaguliwa kwa haki, jibu lako halitakuwa mbali na ukweli zaidi ya kama sehemu 3 katika mia, na hivyo huwa mara 95 katika mara 100. Ukitaka kosa hilo lipungue nusu, haitoshi kuuliza watu mara mbili. Yakupasa kuuliza mara nne, yaani 4,000. Na jambo la kushangaza ni hili: ukubwa wa nchi haubadili hesabu hii kiasi cha kuonekana. Mpishi akikoroga mchuzi vizuri, tone moja kiganjani lamtosha, sufuria ikiwa ya watu watano au ya watu mia wa harusini. Asipokoroga, hata bakuli zima litamdanganya.

Wahindi walilitia jambo hili shambani. Kuanzia mwaka 1937 Profesa P. C. Mahalanobis aliongoza kazi ya kukisia mavuno ya juti huko Bengal, yaani ule mmea unaotoa nyuzi za magunia. Alituma makundi mawili ya makarani mahali pamoja, kila kundi na sampuli yake. Hesabu zao zikiachana sana, alijua kazi ya kundi moja ina kasoro. Katika upimaji wa mavuno nchini India iligunduliwa pia kwamba wakikata kipande kidogo mno cha shamba, makisio ya mavuno huzidi ukweli. Sababu ni mashina yaliyo mpakani: mkono wa mpimaji hupenda kuyavuta ndani kuliko kuyaacha nje. Tazameni basi, hata mwenye nia njema mkono wake una upendeleo.

Makosa yaliyo katika mdomo na katika sikio

Tuseme orodha ni njema na bahati nasibu imefanywa kwa haki. Je, tumesalimika? Bado. Yako makosa ambayo hata kuwauliza watu wote hakuwezi kuyaponya.

Kwanza ni maneno ya swali. Ukiuliza, "Je, wataka kijiji kipate kisima?" kila mtu atasema ndiyo. Ukiuliza, "Je, u tayari kuchanga fedha na kufanya kazi ya kuchimba kisima?" utapata hesabu nyingine. Swali lililotegwa huleta jibu lililotegwa.

Pili ni mwulizaji mwenyewe. Mwaka 1942, katika mji wa Memphis huko Marekani, watu weusi waliulizwa maswali yaleyale na makarani wa namna mbili: wengine makarani weupe, wengine makarani weusi. Majibu yalitofautiana. Mbele ya karani mweupe watu walijihadhari, kwa sababu katika mji ule wakati ule neno moja laweza kumponza mtu mweusi. Halikuwa kosa la hesabu. Ilikuwa hofu imevaa nguo za hesabu.

Sisi Afrika ya Mashariki twaijua hofu hiyo. Zamani za utawala wa kigeni, kuhesabiwa watu na kutozwa kodi vilikwenda pamoja. Mkuu wa kodi akija na daftari, vijana wengi walijificha porini, na daftari likaonyesha watu wachache kuliko waliokuwako. Kisha mwaka 1948 ikafanywa sensa kubwa Tanganyika, Kenya na Uganda, na baada ya hesabu ya wote, sehemu chache zilichaguliwa ziulizwe maswali marefu zaidi, kama habari za uzazi na vifo. Hiyo nayo ilikuwa sampuli. Lakini hakuna bambo linaloweza kumgusa mtu aliyejificha.

Kwa nini jambo hili latuhusu

Huenda mmoja wenu asema: hayo ya Wamarekani na marais wao yanipasaje mimi? Yakupasa hivi. Zahanati hujengwa kwa hesabu. Dawa hupelekwa kwa hesabu. Walimu hugawanywa kwa hesabu. Hesabu nyingi kati ya hizo hutokana na sampuli, si na kuwauliza watu wote. Karani akiishia nyumba za barabarani, serikali itaziona nyumba za barabarani tu, na mama mwenye mtoto mgonjwa kule bondeni hatakuwamo katika hesabu. Hakuna aliyemchukia, hakuna aliyemwona.

Na ugonjwa wa mwaka 1936 haujafa, umebadili nguo. Siku hizi watu wengi huulizwa maoni kwa simu za mkononi. Ni njia nyepesi na ya gharama ndogo, lakini yafaa kuuliza: asiye na simu yuko wapi katika hesabu hiyo? Na mke ambaye simu ya nyumbani i mfukoni mwa mumewe? Na kijiji kisicho na mtandao? Hao ndio magunia ya ukuta wa nyuma.

Basi mtu akikuletea habari kwamba watu kadhaa katika mia wasema hivi au vile, usikatae upesi wala usikubali upesi. Muulize mambo matano. Walioulizwa walichaguliwaje, na nani aliwachagua? Orodha ilitoka wapi, na nani hakuwamo? Wangapi walikataa kujibu au hawakukutwa? Swali lilisemwa kwa maneno gani, na nani aliliuliza? Waliulizwa lini? Asiyeweza kujibu hayo, habari yake ni uvumi wenye tarakimu.

Tena uko wajibu wa upande wetu. Bahati nasibu ikiiangukia nyumba yako, usijifiche, wala usimwambie karani aende kwa jirani asomaye vizuri kuliko wewe. Mwombe aonyeshe kitambulisho chake, umuulize kazi yake ni ya nini, kisha ujibu kweli. Siku hiyo husemi kwa ajili yako peke yako. Unasema pamoja na mamia wanaofanana nawe ambao hawakuchaguliwa. Ukinyamaza, wote hao wamenyamaza.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini watu 50,000 walimpata mshindi, na watu zaidi ya milioni 2 wasimpate?

2. Kijiji chenu kina nyumba 480, nanyi mwataka kuuliza nyumba 24. Onyesheni ubaoni jinsi mtakavyozichagua.

3. Karani ameambiwa aulize wanawake kumi, akawauliza wote kisimani. Ni wanawake gani ambao hakuwapata?

4. Tungeni swali moja juu ya shule yenu ambalo halimtegi mjibu upande wowote.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.